Likizo ya Pwani Bila Kiingilio: Wiki Tatu Mombasa na Wanetu



Ndugu wasomaji, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ikikaribia, mazungumzo katika nyumba nyingi za hapa Kampala huwa ni yale yale: watoto tutawafanya nini? Ni karibu miezi miwili. Wakibaki ndani, siku inaishia kwenye televisheni na simu. Wakitoka, kila mlango una mtu amekaa na kitabu cha risiti. Hata ziwani kwetu, fukwe nyingi zina kiingilio, na mwenye watoto wengi hukizidisha kiingilio hicho mara tano au sita kabla hajanunua hata maji ya kunywa.

Sisi ni familia ya aina hiyo hiyo. Wazazi wawili na watoto wanne. Mkubwa alikuwa na miaka 13 na kitinda mimba 4. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, mwingine ni wa hapa hapa Kampala. Mwaka 2023 duka letu la vitambaa lilikuwa limelala kwa miezi mingi, na pesa ya likizo haikuwepo. Lakini ilikuwepo sababu ya kusafiri isiyoweza kungoja. Bibi yao wa Mombasa alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kila tukimpigia simu alikuwa akisema, "Nileteeni wajukuu zangu niwaone, nisije nikawajua kwa kuwashika tu."

Na wajukuu wenyewe, Kiswahili chao kilikuwa cha kuombea maji. Wanacheza kwa Kiluganda, wanasoma kwa Kiingereza. Kwenye simu walikuwa wakisema, "Shikamoo Bibi," wanangoja marahaba, wanasema, "Sisi wazima," kisha simu inarudi mikononi mwetu. Bibi hasikii mengine.

Basi tukakata shauri. Nauli ya basi tutaitafuta, Mombasa tutalala kwa Bibi, na tukishafika hatutalipia kiingilio popote. Tulikaa wiki tatu. Tangu turudi wazazi wenzetu wameuliza tulifanyaje, nasi tumeona heri tuandike mara moja wasome wote, hasa walio na ndugu pwani na hawajawahi kuwapeleka watoto.

HESABU ZETU

Safari yenyewe si ya bure, na hatutaki kumdanganya mtu. Kampala mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na nauli ya watu sita ni mzigo. Ndiyo maana tulitaka pesa iishie njiani, isiendelee kutoka kila siku.

Siku tulizigawa mafungu mawili. Kulikuwa na siku za miguu, ambazo hatukutoka nje ya kisiwa, na siku za nauli, ambazo tulipanda matatu kwenda fukwe za kaskazini au tulivuka feri kwenda kusini. Siku za nauli hazikuzidi mbili kwa wiki. Chakula tulibeba kutoka nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, maembe, na maji ya kutosha. Siku za miguu tulitenga shilingi 300 za Kenya kwa ajili ya mhogo wa kukaanga, ule wa kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, tukagawana.

Hapo tujue jambo moja. Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na miaka 10, wenzake shuleni walikuwa wamemsimulia hoteli zenye mabwawa ya kuogelea na boti za kasi. Siku za mwanzo alinuna. Hatukumkaripia. Tulimwambia, "Hivyo ni vya kulipia, na mwaka huu hatulipi. Vyetu ni hivi vingine, tuvitazame kwanza." Alinuna siku mbili, ya tatu akasahau.

MAMA NGINA: MELI NA MACHO YA BIBI

Mahali tulipopapenda kuliko pote ni Mama Ngina, upande wa kusini wa kisiwa, huko Kizingo. Ni bustani ndefu iliyo kando ya bahari, juu ya mlango ambamo meli hupita kuingia bandari ya Kilindini. Serikali iliijenga upya na kuifungua Oktoba 2019. Ina njia pana za kutembea na mahali pa kukaa, na mibuyu mikubwa ya zamani ingalipo. Tuliingia kwa miguu bila kutozwa. Kutoka Mji wa Kale ni mwendo wa nusu saa hivi au zaidi kidogo kwa hatua za mtoto. Bibi tulimpandisha tuktuk, sisi tukatembea.

Jioni ndiyo saa yake. Jua likishapoa, familia nzima nzima hutandika mikeka, wauza mhogo na madafu huwasha majiko na kunoa mapanga, na meli huanza kupita karibu hivi kwamba unamwona baharia amesimama kwenye ukingo.

Bibi haoni meli. Anaona weupe na kivuli tu. Lakini marehemu Babu alikuwa kuli wa bandarini, na Bibi ameishi miaka mingi na habari za meli. Siku ya kwanza alisikia watoto wanapiga kelele, akauliza, "Kuna nini?"

"Bibi, meli kubwa."

"Kubwa kama nini?"

Kimya. Wakatutazama. Tukanyamaza kusudi.

"Kama... kama ghorofa," akasema mkubwa.

"Imebeba nini?"

"Masanduku."

"Hayo ni makontena. Rangi gani? Imezama sana majini au imeelea juu?"

Hapo ndipo mchezo ulipoanza. Bibi aliwafundisha kwamba meli yenye shehena hukaa chini, na meli tupu huonyesha tumbo lake. Aliwafundisha kutafuta tagi, ile mashua fupi yenye nguvu inayoisukuma na kuivuta meli, na boti ndogo ya rubani anayepanda kumwongoza nahodha asigonge mwamba. Wao wakawa macho yake. Ili Bibi aone, ilibidi wapate maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili. Wakikosa neno walichora kwa mikono hewani, kisha wakakumbuka kuwa haoni mikono, wakarudi kutafuta neno.

Mkubwa aliuliza mizigo yote ile inakwenda wapi. Tukamwambia kwamba mingi ni ya Kenya, na ya nchi za bara nayo si haba. Kati ya nchi hizo, hakuna inayopitisha mizigo mingi bandarini hapo kama Uganda yetu. "Hata vitambaa vya duka?" Hata vitambaa vya duka. Alitazama meli iliyofuata kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mzigo wake.

Tulikwenda Mama Ngina mara tisa katika wiki tatu. Kufikia wiki ya pili hawakungoja kuulizwa. Yule wa tatu, wa miaka 7, ambaye kwenye simu alikuwa wa kwanza kukimbia, alikuwa akibishana na Bibi kama meli inageuka au haigeuki. Kubishana kwa Kiswahili! Sisi tuliokuwa tumekaa nyuma na chupa ya chai tulitazamana tu.

MJI WA KALE KWA MIGUU

Asubuhi za siku za miguu tulitembea Mji wa Kale wenyewe. Vichochoro ni vyembamba na vina kivuli mpaka saa nne. Watoto walipewa kazi ya kuhesabu milango ya nakshi na kuchora mmoja kila siku kwenye daftari. Tuliwaonyesha Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570 na unasaliwa mpaka leo, na bandari ya zamani ya majahazi.

Fort Jesus, kuingia ndani ni kwa tiketi, na hatukuingia. Lakini kuta zake zinatazamika bure kutoka nje, na ni somo tosha. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Ukimsimamisha mtoto chini ya ukuta ule na kumwambia kuna watu walijifungia ndani karibu miaka mitatu, maswali yanakuja yenyewe: walikula nini, maji walipata wapi?

Nasaha moja kwa wageni wenzetu: huo ni mtaa wa watu, si maonyesho. Watoto wasalimie wakubwa wanaokaa barazani, na msipige picha za watu, hasa kina mama, bila kuomba ruhusa. Wetu walisalimia, wakarudi na mabuyu mifukoni.

FERI YA LIKONI

Feri inayovuka kutoka kisiwani kwenda Likoni haimtozi mtu wa miguu hata senti; magari ndiyo yanayolipa. Kwa mtoto wa Kampala, hiyo ni safari ya meli ya bure. Hudumu dakika chache tu, lakini ndani yake mna kila kitu: mikokoteni, baiskeli, akina mama na vikapu, na meli kubwa ya mizigo ikipita feri inangoja. Upande wa pili tulitembea mpaka ufukwe wa Shelly, tukala chapati zetu, tukarudi.

Ila feri ina adabu yake, na Bibi alikuwa mkali hapo kuliko mahali pengine popote. Wenyeji wa Mombasa hawajasahau feri ya Mtongwe iliyozama tarehe 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 250 wakafa. Kila mtoto alikuwa na mkono wa mtu mzima. Hatukusimama karibu na mlango wa mbele, hatukukimbilia kushuka, na tulikwepa zile saa za asubuhi na jioni ambazo wafanyakazi hujaa.

KALENDA YA MWEZI NA MAJI YA BAHARI

Hapa ndipo penye utamu. Mtoto aliyekulia karibu na ziwa hajui kwamba maji huondoka. Siku ya kwanza tulikwenda Bamburi, kwenye ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wenyeji huuita Pirates, na maji yalikuwa yametoka mbali. Kitinda mimba alisimama mchangani, mikono kiunoni, akauliza, "Bahari amekwenda wapi?"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamsahihisha: "Imekwenda. Imekwenda, na itarudi saa kumi."

Na saa kumi ikawa imerudi, imefika mpaka karibu na mikeka yetu. Watoto walimwona Bibi kama mtu mwenye siri, wakataka kujua alijuaje.

Bibi hana jedwali la maji wala simu ya intaneti. Anahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, nayo hutoka sana na kujaa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake, kwenye mwezi saba au nane na tena ishirini na mbili hivi, mivuto hiyo hupingana, maji hayaendi mbali wala hayapandi sana. Hayo ndiyo maji mafu. Pwani ya Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, yaani juu ya kimo cha mtu mzima na mkono wake ulionyooshwa.

Na sisi Waislamu kalenda yetu ni ya mwezi. Anayejua leo ni mwezi ngapi katika Rajabu au Shaabani, tayari ana nusu ya habari za bahari. Bibi aliwapa watoto hesabu hii, nao wakaiandika daftarini:

Mwezi mosi mpaka tatu, na kumi na tano mpaka kumi na saba: maji hupwa kati ya saa nne na saa tano za asubuhi, hujaa saa kumi hivi za alasiri.

Mwezi saba au nane, na ishirini na mbili hivi: kinyume chake. Asubuhi ya saa nne au saa tano maji yamejaa, alasiri yamepwa.

Kila siku ipitayo, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kwa hesabu hiyo tulipanga siku zetu za nauli. Asubuhi za bamvua tulikwenda kutembea kwenye vidimbwi vinavyobaki kati ya mawe. Asubuhi za maji mafu, bahari ikiwa imejaa na imetulia, tulikwenda kuoga. Desemba ni msimu wa kaskazi, na siku nyingi bahari ilikuwa shwari ndani ya mwamba unaoikinga pwani. Anayekwenda likizo ya Agosti ajue kwamba ni wakati wa kusi: upepo ni mkali zaidi, mawimbi yana nguvu, na mwani mwingi hutupwa mchangani.

Kwenye vidimbwi Bibi alikaa juu, chini ya kivuli, na watoto walikuwa wakikimbia kwenda na kurudi. "Bibi, ana vidole vitano, mgumu, mwekundu!" Huyo ni kiti cha pweza. "Bibi, huyu mrefu, laini, mweusi, haendi popote!" Huyo ni jongoo wa bahari. "Bibi, kombe linatembea!" Ndani yake mna kaa aliyeazima nyumba, mwacheni na nyumba yake. Yeye hakuviona, wao hawakuvijua. Kila upande ulikuwa na nusu, na nusu hizo zilikutana hapo kwenye mkeka.

Hatukuchukua kitu. Sehemu kubwa ya bahari hiyo ni hifadhi tangu 1986, na hata isingekuwa hifadhi, kombe unalolibeba leo kesho kuna kaa analitafuta. Jiwe tulilolinua tulilirudisha lilivyokuwa.

Sasa tahadhari, na wazazi tusizipuuze. Kwanza, viatu vya plastiki vinavyofunika vidole, kwa kila mmoja. Mna viumbe weusi wenye miiba mirefu kama ya nungunungu, na mna samaki mwenye sumu anayefanana kabisa na jiwe. Pili, tulitembea maji yakiwa bado yanatoka, tukageuka kabla hayajaanza kurudi. Maji ya kujaa hayaji mbele yako tu. Hupita kwenye mabonde ya mchanga, ukageuka ukakuta yamekuzunguka nyuma. Tatu ni zamu ya macho. Kila nusu saa mzazi mmoja kazi yake ilikuwa watoto tu: hana simu, hana gazeti, hapiki chai. Zamu ikiisha anatamka, "Nakukabidhi wanne," na mwenzake anajibu, "Nimepokea wanne." Mtoto hazami kwa kukosa watu ufukweni, mara nyingi watu wapo, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama.

Alasiri upepo ukianza, watoto walirusha tiara. Mjomba wao aliwaonyesha jinsi ya kuzitengeneza kwa vijiti vya chelewa, karatasi ya plastiki na uzi. Gharama yake ni uzi.

SWALA, STARA NA JUA

Wapo wanaoogopa fukwe kwa sababu ya mavazi na mchanganyiko wa watu. Hofu hiyo tunaielewa. Dawa yetu ilikuwa saa. Baada ya swala ya alfajiri tulikuwa tayari njiani, na jua likichomoza, saa kumi na mbili na kidogo, ufukwe ulikuwa karibu mtupu: wavuvi, watu wachache wanaofanya mazoezi, na sisi. Akina mama waliingia majini na nguo zao za stara bila wasiwasi. Siku za kazi ni bora kuliko Jumapili na sikukuu, ambapo hapawekeki mguu. Na faida nyingine ni jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na kati ya saa tano na saa tisa jua lake si la kuchezea. Wakati huo sisi tulikuwa kivulini au tumesharudi nyumbani.

Swala haikutusumbua. Maji ya bahari yanafaa kutawadhia, mchanga msafi unafaa kusalia, na misikiti haiko mbali na barabara kuu ya Malindi. Watoto walifurahia kugundua kwamba Makka iko karibu kaskazini kamili ya Mombasa. Kwa hiyo ukisimama Bamburi ukaitazama bahari, kibla kiko mkono wako wa kushoto.

NJIA ILIYOFUNGWA

Siku moja ya wiki ya pili Bibi alitaka atupeleke kwenye ufukwe aliokuwa akienda alipokuwa msichana, kaskazini mwa kisiwa. Tulishuka matatu, tukaingia njia ya mchanga kati ya kuta mbili. Mwisho wake palikuwa na lango, na mlinzi. Alikuwa kijana mwenye heshima. Alisema, "Mama, samahani. Njia hii sasa ni ya wageni wa hoteli."

Bibi alimwambia, "Mwanangu, mimi nimepita hapa kabla mama yako hajazaliwa."

"Najua, mama. Ni amri tu."

Hatukugombana na kijana wa watu. Tuliwageuza watoto, tukatembea juani mpaka tukapata njia nyingine iliyo wazi. Bibi hakusema neno mpaka tulipofika majini. Akasema, "Bahari hawawezi kuifunga. Wanafunga njia."

Watoto waliuliza kama kweli bahari ina mwenyewe, na lilikuwa swali lililostahili jibu la uhakika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga ule unaofunikwa na kufunuliwa na maji si wa hoteli wala wa tajiri. Lakini viwanja vilivyo nyuma yake vina wenyewe, na ukivikosea njia ya kupita, haki yako inabaki ng'ambo ya ukuta. Kwa hiyo njia za umma ndizo roho ya jambo lote. Zikizibwa moja moja, kimya kimya, familia kama zetu hazitaambiwa kwamba zimekatazwa bahari. Zitajikuta tu hazina pa kupitia.

Tuliwafundisha watoto mambo mawili. Usipite kwenye kiwanja cha mtu bila idhini, na usiache kutumia njia ambayo ni ya wote. Njia isiyopitwa ndiyo inayozibwa mwanzo. Na wanaoishi pwani tunawaomba, mkiona njia ya zamani imewekwa lango, ulizeni kwa mzee wa mtaa na ofisi za kaunti wakati bado wapo watu wanaokumbuka ilipita wapi. Bibi anakumbuka. Baada yake, nani?

WAZAZI WANAOPANGA SAFARI

Wako watakaosema, sisi hatuna bibi Mombasa. Ni kweli, nyumba ya Bibi ilituokolea malazi. Lakini kilichotufaa zaidi ni kuwa na mtu anayejua: saa ya maji, njia iliyo wazi, jina la kile kilicho kidimbwini. Vitu vya bure havina tangazo wala mtu wa kukuelekeza mlangoni. Vinataka mtu wa kukujulisha. Kama huna jamaa pwani, msalimie mvuvi asubuhi na umuulize maji yatajaa saa ngapi. Muulize imamu au mama muuza mhogo njia ya umma iko wapi. Hatukukutana na mtu aliyetunyima jibu. Na kama pwani ni mbali mno kwenu mwaka huu, watafuteni wazee wenu wa kando ya ziwa au wa shambani, nao wana hesabu zao.

Tuliporudi Kampala, simu za Bibi zilibadilika. Sasa tukimpigia, sisi ndio tunaongojea zamu. Wa miaka 7, ambaye sasa amekua kidogo, hutoka uani kutazama mwezi kwanza, kisha anamwambia Bibi, "Kesho ni bamvua, maji yatatoka saa nne," na Bibi huko anakubali au anamsahihisha. Mwaka 2024 alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, alhamdulillah, na la pili bado linangoja. Ametuagiza tuwapeleke tena watoto Mama Ngina, kwa sababu anataka kuona kama zile meli walizomsimulia zilikuwa kubwa kweli au walikuwa wakitia chumvi.

Tukijaaliwa nauli, tutakwenda. Tunawaombea nyote likizo yenye salama na heri, na wenye njia zao za bure, za pwani au za bara, watuandikie nasi tujue.